Mkate mweusi, Brezel au chakula cha moto: ule nini ukiwa safarini Ujerumani

Wageni wengi hurudi kutoka Ujerumani wakisimulia soseji. Soseji zipo, tena za kila namna, lakini kitu ambacho Mjerumani hakosi kula kila siku ni mkate. Rejista ya mikate ya nchi hiyo ina aina zaidi ya 3,000, na tangu mwaka 2014 utamaduni wao wa mkate umo kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Ukisimama mbele ya kioo cha bekari ya mtaa wa kawaida tu, utaona mikate mikubwa ya duara imepangwa ukutani, chini yake vimkate vidogo vya aina kumi na zaidi, na foleni nyuma yako haina subira. Hapo ndipo inapofaa kuwa umeshaamua unataka nini.

Ushauri wangu nausema mapema: mkate uwe mlo wako wa asubuhi na wa jioni, na chakula cha moto ukile mchana. Hivyo ndivyo familia nyingi za huko zilivyozoea kwa vizazi, na hivyo ndivyo utakavyokula vizuri bila kumaliza hela. Wageni wengi hufanya kinyume. Asubuhi wanakula chochote, mchana wanapita njia, usiku wanakaa mgahawani wakilipa bei ya juu kabisa ya siku.

Sasa tulinganishe.

Mkate wa rai au mkate wa ngano

Ramani ya mkate wa Ujerumani inafuata udongo. Kaskazini na mashariki kuna ardhi ya kichanga na baridi kali, na nafaka inayovumilia hali hiyo ni rai, wenyewe wanaiita Roggen. Kusini ngano hustawi vizuri zaidi, na upande wa Stuttgart wanapenda pia Dinkel, ngano ya kale yenye ladha ya karanga kwa mbali. Ndiyo maana ukitoka Hamburg kwenda München kwa treni, mkate unabadilika njiani: kaskazini ni mweusi, mzito, una unyevu, kusini ni mwepesi zaidi, na mara nyingi umetiwa viungo. Usishangae kukuta kisibiti, shamari na mbegu za giligilani ndani ya mkate wa Bavaria, jimbo la kusini ambalo mji wake mkuu ni München. Kwa mtu wa pwani harufu hiyo ni ya nyumbani kabisa.

Kwenye kibao cha bei utakutana na maneno manne, na kila moja lina maana iliyowekwa na miongozo ya chakula ya nchi. Roggenbrot lazima iwe na rai asilimia 90 au zaidi. Roggenmischbrot ni mchanganyiko ambao rai imezidi nusu. Weizenmischbrot ni mchanganyiko ambao ngano ndiyo iliyozidi. Vollkornbrot ni mkate wa unga usiokobolewa, asilimia 90 au zaidi, uwe wa rai au wa ngano. Ukiyajua hayo manne, hutabahatisha.

Mkate wa rai ni mchachu, na uchachu huo si wa kupendezesha ulimi peke yake. Unga wa rai haushikani ukavutika kama wa ngano, na ukiokwa bila kuchachushwa vimeng'enya vyake huvunja wanga mkate ungali tanuri, katikati pakabaki pamelowa kama ugali mbichi. Asidi ya chachu ya siku nyingi, yaani Sauerteig, ndiyo inayovizuia vimeng'enya hivyo. Basi mwokaji wa rai hana njia ya mkato: lazima alishe chachu yake, aisubiri, aoke taratibu. Mkate unaopatikana hukaa siku nne au tano bila kuharibika, na wengi husema siku ya pili ni mtamu kuliko siku ya kwanza.

Kama umekulia kwenye mkate mweupe wa boflo, kipande cha kwanza cha Roggenbrot kinaweza kukushinda. Usiuhukumu mkate huo ukiwa mkavu. Uagize Roggenmischbrot, ukate kipande chembamba, upake siagi ya kutosha hadi ukingoni, unyunyize chumvi kidogo na majani membamba ya kitunguu yaliyokatwakatwa. Ganda lake ni gumu, lina rangi ya kahawa na vumbi la unga juu. Ndani ni kijivu, pana tundu ndogondogo, na ukibonyeza kwa kidole panarudi polepole. Siagi inatuliza uchachu, chumvi inauamsha. Watu wengi huupenda mkate huu kwa njia hiyo, na kutoka hapo unaweza kupanda kwenye Vollkornbrot yenye mbegu za alizeti au za maboga.

Pumpernickel iache iwe ya mwisho. Huo ni mkate wa Westfalen, eneo la magharibi mwa nchi, wa rai iliyoparazwa, na miongozo inataka uokwe kwa saa zisizopungua 16 kwa moto mdogo. Kwa kuiva muda mrefu hivyo unakuwa mweusi tii na unapata utamu wake wenyewe. Hauna ganda, huuzwa kwa vipande vyembamba vya mraba, na huliwa na jibini kali au samaki. Ni mkate wa kula kidogo.

Kati ya rai na ngano mimi nachagua rai bila kusita, kwa sababu moja rahisi: mkate mzuri wa ngano unaweza kuupata Ufaransa, Italia, hata Zanzibar. Mkate wa rai wa kiwango hiki huupati kirahisi ukitoka Ulaya ya Kaskazini na Mashariki.

Brezel ya München au ya Stuttgart

Brezel ni mkate uliofungwa kama fundo, wenye tumbo moja na mikono miwili iliyopishana. Hapa ubishi ni mkubwa kuliko unavyodhani. Zote mbili zimefumwa kwa umbo lilelile, zote huchovywa kwenye maji ya sodakostiki yaliyopunguzwa makali kabla ya kuingia tanuri, na hayo ndiyo yanayozipa rangi ya shaba na ladha ile ambayo mkate mwingine hauna. Lakini angalia mikono yake. Ya Stuttgart ina tumbo nene na mikono myembamba inayokauka hadi kuvunjika kwa mlio, na tumbo limepasuliwa kwa kisu kabla ya kuokwa. Ya Bavaria mikono yake ni minene, laini, na ngozi hupasuka yenyewe ovyoovyo. Hiyo ya Bavaria imelindwa na Umoja wa Ulaya kama bidhaa ya eneo lake tangu 2014.

Kwa kuila kavu, nachagua ya Stuttgart, maana ndani ya mkate mmoja unapata ulaini na ukavu. Kwa kuila na jibini la kuponda la Bavaria, Obatzda, pamoja na figili nyeupe iliyokatwa kwa mzunguko, ya München inafaa zaidi kwa sababu inachukua mzigo. Popote ulipo, tafuta Butterbrezel: wanaichana tumboni na kupaka siagi baridi. Bei yake ni ndogo na inakutosha mpaka saa tano.

Sharti moja tu: iwe ya asubuhi. Brezel ya saa kumi jioni imeshakuwa kama ngozi, na watu huila wakidhani ndivyo ilivyo. Kwa Mwislamu kuna neno la kuongeza. Baadhi ya waokaji hutia mafuta ya nguruwe kwenye unga wa Brezel. Uliza tu: "Ist da Schweineschmalz drin?" Mara nyingi bekari ina daftari la viungo nyuma ya kaunta na watakuangalizia bila kuchukia.

Kifungua kinywa: hoteli au bekari

Hoteli nyingi hutoza kifungua kinywa kati ya euro 10 na 20 kwa kichwa. Bekarini, kimkate chenye jibini na yai, Butterbrezel na kikombe cha kahawa ni nusu ya hapo au chini yake, tena mkate umetoka tanuri muda si mrefu. Hoteli ina faida moja: kama una watoto, wanaweza kuonja vitu vingi bila wewe kununua kimoja kimoja. Ukiwa peke yako au wawili, nenda bekari.

Kimkate cha asubuhi kinabadilika jina kila mkoa. Sehemu kubwa ya nchi ni Brötchen, Bavaria ni Semmel, Berlin ni Schrippe, upande wa Stuttgart ni Weckle, Hamburg utasikia Rundstück. Ukisema Brötchen utaeleweka kote. Ukiwa Hamburg usiondoke bila Franzbrötchen, andazi lililokunjwa na siagi na mdalasini, limebanwa katikati hadi pembeni kukachomoza. Anayependa vitafunwa vya mdalasini atalirudia kesho yake.

Kimoja cha kuangalia usije ukakila bila kujua ni Mettbrötchen. Ni kimkate kilichopakwa nyama ya nguruwe mbichi iliyosagwa, na vitunguu vibichi juu. Wenyewe wanakipenda sana, hasa kaskazini, na kwenye kioo kinaonekana kama nyama yoyote ya kusaga.

Kaunta ina utaratibu wake. Unasalimia kwanza, "Guten Morgen", halafu unasema idadi na jina, kisha unanyamaza. Muuzaji atauliza "Sonst noch etwas?", yaani kuna kingine? Ukimaliza unasema "Das war's, danke." Ukitaka mkate mkubwa huna haja ya kuubeba mzima: sema "ein halbes", nao wataukata nusu, na ukiongeza "geschnitten, bitte" utapita kwenye mashine ya kukata vipande papo hapo. Wasafiri wengi hawajui hilo, wanauogopa mkate wa kilo nzima, wanaondoka na kimkate cheupe. Nusu mkate uliokatwa, kwenye mfuko wa karatasi, ni chakula cha siku tatu cha mtu mmoja. Usiutie friji, unakauka haraka zaidi. Na uwe na sarafu mfukoni, maana bekari ndogo bado zinapenda hela taslimu.

Mchana: Mittagstisch, Döner au soseji ya kibanda

Migahawa mingi ya mtaa huandika nje ubao wa Mittagstisch, chakula cha mchana cha bei nafuu, sahani moja au mbili za siku hiyo. Kwa kawaida ni euro 9 hadi 14, wakati jioni sahani inayofanana nayo inakwenda 18 na kuendelea. Ubao huo huwa wa Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa tano na nusu na saa nane mchana hivi. Bucha nyingi nazo hupika mchana, na huko utakuta mafundi wa ujenzi wamesimama wanakula. Fuata mafundi.

Chakula chenyewe kinategemea uko wapi. Upande wa Stuttgart chagua Käsespätzle, tambi fupi za mayai zilizochanganywa na jibini na kuwekewa vitunguu vya kukaanga. Hazina nyama, zinashibisha, na kwa mtu anayekwepa nguruwe ni kimbilio la kwanza. Pale pale kuna dengu na Spätzle, nazo ni tamu sana, ila huja na soseji au vipande vya nyama ya nguruwe ndani ya dengu zenyewe. Maultaschen, vile vifuko vya unga vyenye nyama na spinachi, navyo mara nyingi vina nguruwe. Uliza kama kuna za mboga.

Köln na mitaa yake wana Reibekuchen, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa kama kababu bapa, huliwa na rojo la matofaa. Ukiona Halver Hahn kwenye menyu ya huko, usitarajie kuku: ni kimkate cha rai na jibini nene, haradali na kitunguu. Mashariki, hasa Lausitz, jaribu viazi vya kuchemsha na ganda lake pamoja na Quark, jibini laini jeupe, na mafuta ya kitani. Kinaonekana chakula cha kimasikini, lakini mafuta ya kitani yakiwa mapya ladha yake hutaisahau. Hamburg na miji yote ya pwani, kula Fischbrötchen: kimkate chenye heringi ya siki au samaki wa kukaanga, vitunguu na tango la achari. Heringi ya siki ni baridi na kali. Ukiwa na shaka anza na Backfisch, huyo amekaangwa.

Viazi vya kachumbari, Kartoffelsalat, vinagawanya nchi karibu kama mkate. Kaskazini hutiwa mayonezi, kusini hutiwa supu ya moto, siki na mafuta. Cha kusini ni chepesi zaidi, na mimi nakipenda kuliko cha kaskazini, ila supu hiyo huwa ya nyama, na anayekwepa nyama aulize kwanza.

Sasa kibandani. Currywurst ya Berlin, soseji iliyokatwa vipande na kumwagiwa mchuzi wa nyanya wenye bizari, inahusishwa na Herta Heuwer, mama aliyekuwa na kibanda Charlottenburg mwaka 1949. Ni chakula cha haraka, kitamu kidogo, kikali kidogo, na mara nyingi ni nguruwe. Döner, nyama inayochomwa kwenye mshikaki wa wima unaozunguka na kukatwa vipande vyembamba, ni ya Waturuki waliokuja kufanya kazi baada ya mkataba wa Ujerumani na Uturuki wa 1961. Kama mkate wa kushika mkononi ilishamiri Berlin Magharibi kuanzia miaka ya 1970. Leo ni chakula cha kila siku cha Mjerumani yeyote, na mtu anayesema si chakula cha Ujerumani hajui Ujerumani ya sasa inakula nini. Bei yake kwa kawaida ni euro 6 hadi 8 na unapata nyama, mboga za kutosha na robo ya mkate bapa uliopashwa moto.

Kati ya hizo mbili, Döner inashinda kwa kila kipimo ninachokijua: inashibisha, ina mboga, na duka nyingi ni halali. Angalia neno "helal", ndivyo Waturuki wanavyoliandika, na kama halipo uliza. Tazama pia mshikaki wenyewe. Ukiona matabaka ya nyama yaliyopangwa, hapo pazuri. Ukiona donge laini lisilo na mistari, ni nyama ya kusaga iliyogandishwa kiwandani, tafuta duka la pili. Na duka hizo hizo huuza supu ya dengu ya Kituruki, ambayo siku ya baridi inakuweka sawa kuliko soseji yoyote.

Jioni: mgahawa au Abendbrot

Abendbrot ni mlo wa mkate wa jioni, baridi mwanzo mwisho: mkate uliokatwa, siagi, jibini za aina mbili tatu, nyama za vipande, matango ya achari, nyanya, labda yai la kuchemsha. Kila mtu anajipakia mwenyewe kwenye kibao kidogo cha mti. Kwetu mlo wa usiku usio na moto huonekana haujapikwa, na najua Waafrika walioishi Ujerumani miaka mingi ambao bado hawajaukubali. Mimi nasema ujaribu, kwa sababu hapo ndipo ule mkate wa rai ulionunua asubuhi unapopata kazi yake. Katika mgahawa mkate ni wa kusindikiza tu. Kwenye Abendbrot ndio chakula.

Kuuandaa ni rahisi. Pita supamaketi, chukua siagi ndogo, jibini la kukatwa, Quark yenye majani, tango, figili nyekundu. Kwa anayekwepa nguruwe, samaki wa kuvutwa moshi ni bora kuliko soseji zilizoandikwa Geflügel, kwa sababu baadhi ya soseji hizo za kuku hutiwa mafuta ya nguruwe. Soma viungo nyuma ya pakiti. Watu wawili watakula vizuri kwa bei ya sahani moja ya mgahawani.

Mgahawa wa jioni unafaa siku unapotaka vyakula vya kupikwa saa nyingi, kama Sauerbraten, nyama iliyolazwa kwenye siki au mvinyo siku kadhaa, au Rouladen, nyama ya ng'ombe iliyoviringishwa, ambayo kwa desturi huwekewa kipande cha nguruwe ndani. Maji ya kunywa hulipiwa, na usiposema "still" utaletewa ya gesi. Wakati wa kulipa watauliza "zusammen oder getrennt?", mnalipa pamoja au kila mtu chake, na bakshishi ya asilimia 5 hadi 10 hutajwa papo hapo kwa kusema jumla unayotaka wakate.

Bavaria kuna njia ya kati ambayo kwa familia haina mpinzani. Kwenye bustani za bia unaruhusiwa kuja na chakula chako mwenyewe na kununua kinywaji tu. Kanuni ya jimbo ya mwaka 1999 inaitambua desturi hiyo. Kinywaji si lazima kiwe bia, juisi ya matofaa iliyochanganywa na maji ya gesi ipo kila mahali. Kaeni chini ya miti, tandazeni kitambaa, toeni mkate wenu. Meza zenye vitambaa vya mgahawa ni za wanaoagiza chakula. Nyie kaeni zile tupu.

Kama una siku moja tu

Wengi wa Afrika Mashariki hupita Frankfurt wakibadilisha ndege. Ukiwa na saa kadhaa za kuingia mjini, kula Grüne Soße, mchuzi baridi wa majani saba mabichi na maziwa mtindi, unaowekwa juu ya mayai na viazi vya kuchemsha. Hauna nyama kabisa na msimu wake ni kuanzia majira ya kuchipua. Soko la Kleinmarkthalle katikati ya mji lina mikate, jibini na majani hayo yenyewe yakiuzwa yamefungwa kwenye karatasi. Likifungwa Jumapili, kama maduka mengi nchini, bekari hufungua saa chache za asubuhi na maduka ya stesheni kuu huwa wazi.

Na kama unataka kuwabebea watu nyumbani, usinunue mkate mpya wa bekari. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa utaota ukungu mapema. Chukua Pumpernickel iliyofungwa kiwandani. Angalia tarehe kwenye pakiti, hukaa muda mrefu bila friji, na ukifika waambie waile na siagi, kipande chembamba kimoja kimoja.